Mwongozo Kamili: Namna ya Kushughulikia Maswali ya Zamani Yasiyojibiwa Kwenye Jukwaa la Msaada

Mtu amekwama na programu yake. Ananakili ujumbe wa hitilafu neno kwa neno, anaubandika kwenye Google, na tokeo la kwanza ni uzi, yaani mada kwenye jukwaa la msaada, wenye ujumbe uleule. Anaufungua akiwa na matumaini. Uzi una umri wa miaka minne, umesomwa mara elfu kadhaa, na chini yake hakuna jibu hata moja.

Mwongozo huu unawahusu wanaosimamia majukwaa ya msaada na wanaojitolea kujibu humo, lakini mtu wa kumweka mbele ya macho tangu mwanzo hadi mwisho ni huyo msomaji. Mleta uzi huenda alishapata suluhisho kwingine, au alishaachana na programu yenyewe. Swali lake limebaki mlangoni, likipokea wageni wasiokaribishwa na mtu. Ukilijibu leo, unamjibu anayekuja kesho. Jambo hilo litabadilisha karibu kila uamuzi wako: uanze na swali lipi, jibu uliandikeje, na ni lini una haki ya kufunga swali bila kulijibu.

Soma kwanza kanuni za jukwaa lako

Majukwaa hayana msimamo mmoja kuhusu nyuzi zilizolala. Kwa mengi, kuchangia uzi wa miaka iliyopita ni kufukua makaburi, na mchangiaji anaweza kuonywa. Majukwaa yanayotumia Discourse, programu ya kuendeshea majukwaa, humwonyesha mtu tahadhari anapoanza kuandika kwenye mada iliyokaa muda mrefu bila mchango. Stack Overflow, tovuti ya maswali ya waandishi wa programu iliyoanzishwa mwaka 2008, imechukua njia tofauti: hutoa beji iitwayo Revival kwa anayekuwa wa kwanza kujibu swali lililopitisha siku 30, jibu lake likifikisha alama 2, na beji ya Necromancer kwa jibu lililotolewa baada ya siku 60 likafikisha alama 5.

Maoni yangu ni kwamba katazo la kufukua makaburi lilitungwa kwa ajili ya mabishano yaliyokwisha, na halipaswi kumzuia mtu kujibu swali ambalo halikuwahi kujibiwa. Hata hivyo, kanuni ni kanuni. Kama nyuzi za jukwaa lako hujifunga zenyewe baada ya muda, zungumza na wasimamizi kabla ya kuanza. Waombe wafungue zile utakazokuwa na majibu yake, au mkubaliane kwamba utafungua uzi mpya wenye jibu, nao waweke kiungo chake ndani ya uzi wa zamani. Usianze kazi ya wiki nzima halafu ikafutwa kwa sababu hakuna aliyejua unafanya nini.

Pata orodha yenyewe

Karibu kila mfumo una njia ya kuchuja maswali yasiyo na majibu. phpBB, programu nyingine ya kuendeshea majukwaa, ina ukurasa wake wa mada zisizojibiwa. Kwenye Discourse, andika `status:noreplies` katika kisanduku cha kutafutia, na ukitaka za zamani tu ongeza `before:` ikifuatwa na tarehe. Kwenye Stack Overflow ni `answers:0`, ukiambatanisha na lebo ya somo unalolijua. GitHub Discussions, sehemu ya majadiliano ya GitHub, tovuti ya kuhifadhia miradi ya programu, ina `is:unanswered`.

Hapa kuna mtego unaowapata wengi. Uzi wenye mchango mmoja tu usemao "hata mimi nina tatizo hilihili" huondoka kwenye orodha ya nyuzi zisizo na michango, ingawa hakuna aliyejibu chochote. Yapo maswali mengi ya namna hiyo, na mara nyingi ndiyo yenye uzito kuliko yote, kwa kuwa watu kadhaa wameshathibitisha kwamba tatizo lipo kweli. Kama jukwaa lako linamruhusu muulizaji kuweka alama kwenye jibu lililomsaidia, tafuta pia nyuzi zisizo na alama hiyo. Kwenye Discourse yenye huduma hiyo ni `status:unsolved`. Stack Overflow ililiona tatizo hili mapema: kwao swali huhesabiwa kuwa halijajibiwa hadi lipate jibu lililokubaliwa na muulizaji au lililopigiwa kura ya juu. Mfumo wako ukikosa uwezo huo, pitia kwa macho nyuzi zenye michango miwili au mitatu. Inachosha, ila inalipa.

Orodha ukishaipata, ihamishie kwenye lahajedwali yenye safu chache: kiungo, tarehe, idadi ya waliosoma, toleo la programu linalotajwa, na uamuzi wako. Safu ya uamuzi iache tupu kwa sasa.

Panga kwa wasomaji

Kishawishi cha kwanza ni kuanza na swali la zamani kuliko yote ukipanda kuja juu. Umri peke yake haukuelezi mengi. Namba ya kuitazama ni ya waliosoma. Swali la mwaka 2019 lililosomwa mara elfu tisa bila jibu ni deni kubwa. Swali la mwaka huohuo lililosomwa mara arobaini huenda halitatafutwa tena na mtu yeyote.

Stack Overflow yenyewe hutumia kipimo cha aina hii inapofuta maswali kwa mfumo wa kiotomatiki. Swali lililopitisha siku 365 bila jibu, lenye alama sifuri za kura, lenye maoni yasiyozidi moja, na ambalo waliolisoma hawazidi mara 1.5 kwa kila siku ya umri wake, huondolewa. Kwa swali la mwaka mmoja hiyo ni kama mara 547. Sikuhimizi ufute kama wao. Chukua wazo la kugawanya idadi ya wasomaji kwa umri wa swali, upate kasi ya watu kulifikia. Panga orodha yako kwa kasi hiyo, kubwa juu.

Kisha chagua somo moja. Mtu anayejibu maswali ishirini ya eneo moja hufungua nyaraka zilezile, hujaribu kwenye mazingira yaleyale, na hugundua kwamba sita kati yake ni tatizo lilelile lililovaa maneno tofauti. Anayeruka kutoka barua pepe kwenda printa kwenda hifadhidata huanza upya kila mara.

Jiulize kwa nini lilinyamaziwa

Hatua hii hurukwa mara nyingi, nayo ndiyo inayoamua mengine yote. Swali halikosi jibu kwa bahati mbaya tu. Lisome polepole utafute sababu.

Pengine kichwa chake kilikuwa "Msaada tafadhali, haraka!!!" na hakuna mjuzi aliyejua kwamba linamhusu. Pengine liliwekwa kwenye chumba kisicho chake. Pengine muulizaji aliuliza mambo matano kwa pamoja. Aliyejua moja akasita kujibu nusu, na kila mmoja akapita. Pengine hakutaja toleo wala mfumo, wala hakubandika ujumbe wa hitilafu. Pengine swali ni zuri kabisa, limeandikwa kwa uangalifu, lakini ni gumu, na waliokuwa wakijua walikuwa wachache. Pengine lilitua saa ambayo jukwaa lilikuwa limefurika, likazama ukurasa wa pili kabla ya kuonwa.

Swali lililozama ni la kujibiwa tu. Lenye kichwa kibovu linahitaji kichwa kipya kabla ya jibu. Lililobeba matano linahitaji kuvunjwa: jibu lile kuu, kisha elekeza mengine kwenye nyuzi zao. Lililo gumu linahitaji kupelekwa kwa mtu mahususi, si kuachwa lisubiri apite. Ukijua ugonjwa, huhangaiki na dawa.

Na kabla ya kufanya lolote, bofya jina la muulizaji uone michango yake mingine. Watu waliokosa jibu mara nyingi hurudi wiki chache baadaye na uzi mpya, na huko hujibiwa, au hueleza wenyewe walivyojinasua. Suluhisho linaweza kuwa tayari limeandikwa na mwenye swali, likikusubiri uliunganishe na uzi wa kwanza.

Programu iliyokufa, swali lililo hai

Wasafishaji wengi hufunga kila swali linalotaja toleo ambalo muda wake wa kuhudumiwa umekwisha. Hapo huharibu mengi mazuri.

Zipo tarehe zinazomaliza mjadala kweli. Adobe iliacha kuihudumia Flash Player tarehe 31 Desemba 2020, na vivinjari vikubwa vikaiondoa. Swali la "Flash haifunguki kwenye kivinjari" haliwezi tena kujibiwa kwa hatua za kuiwasha. Hata hivyo mtu anayelifikia leo ana haja ya kweli: ana faili la zamani analotaka kuliona. Mweleze kwamba Flash iliondolewa na lini, mwonye asipakue kinachojiita Flash kutoka tovuti zisizojulikana, na umtajie Ruffle, programu huria inayoendesha mafaili mengi ya aina hiyo. Hapo uzi unafungwa ukiwa na faida.

Sasa chukua Python 2, toleo la zamani la lugha ya kuandikia programu ya Python, ambayo huduma yake ilikoma tarehe 1 Januari 2020. Mtu aliuliza zamani kwa nini anapata `SyntaxError: Missing parentheses in call to 'print'`. Ukiona neno Python 2 ukalifunga, umekosea kabisa, kwa sababu ujumbe huo hutokea pale msimbo (maandishi ya programu) wa Python 2 unapoendeshwa kwenye Python 3. Kadiri Python 2 inavyopotea, ndivyo watu wenye mafaili ya zamani wanavyozidi kukutana nao. Jibu ni fupi: weka mabano, yaani `print("habari")` badala ya `print "habari"`. Swali hilo lina miaka mingi ya kuishi.

Mfano huohuo unaonyesha kwamba majibu nayo huzeeka. Zamani watu walielekezwa kutumia chombo kiitwacho 2to3 kubadilisha msimbo wote kwa mkupuo. Chombo hicho kiliondolewa kwenye Python 3.13, iliyotoka mwaka 2024. Uzi unaosema tu "tumia 2to3" unaonekana umejibiwa, kumbe anayeufuata leo akiwa na Python mpya anaishia ukutani. Unapopita kwenye orodha yako, weka alama pia kwenye majibu ya namna hiyo.

Hali ni hiyo kwa Windows 7, iliyofikia kikomo tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 iliyofuata tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine hazizimiki siku hiyo. Zipo kompyuta zilizofungwa kwenye vifaa vya maabara au mitambo ya kiwandani ambazo haziwezi kupandishwa toleo, na wanaozihudumia wanahitaji majibu kuliko mtu mwingine yeyote, kwa kuwa watengenezaji wamewaacha. Wajibu, ukiongeza sentensi moja kwamba mfumo huo haupokei tena marekebisho ya kawaida ya usalama na ni vyema mashine isiunganishwe na intaneti.

Jaribu mwenyewe kabla ya kuandika

Kubahatisha kwenye swali jipya kuna nafuu, maana muulizaji yupo atakwambia "haijasaidia". Kwenye swali la zamani hakuna wa kukurekebisha. Jibu lisilo sahihi litakaa pale likipoteza watu kimya kimya.

Kwa hiyo lirudie tatizo kwa mikono yako. Kama toleo lililotajwa bado linapatikana, lisakinishe kwenye kompyuta pepe (kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya yako), pembeni na vitu vyako vya kazi, kisha fuata hatua alizozieleza muulizaji. Baada ya hapo jaribu hatua zilezile kwenye toleo la sasa. Tatizo linaweza kutokea kote kuwili. Linaweza kutokea kwenye la zamani tu, na hapo kazi yako ni kutafuta lilirekebishwa wapi. Lisipotokea popote, kuna kitu cha mazingira ya muulizaji ambacho hakukitaja.

Hali ya pili ndiyo yenye mavuno mengi. Fungua orodha ya mabadiliko inayoambatana na kila toleo, na orodha ya hitilafu zilizoripotiwa kwa watengenezaji, utafute maneno ya ujumbe ule. Maswali mengi ya zamani jibu lake lote ni "hii ilikuwa kasoro ya programu, imerekebishwa kuanzia toleo fulani, sasisha". Sentensi moja hiyo, ikiwa na namba sahihi ya toleo, inaokoa jioni za watu wengi.

Ukiona picha ya skrini au kiungo ndani ya swali hakifunguki tena, kijaribu kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, hazina ya nakala za kurasa za zamani, kabla ya kukata tamaa. Kurasa nyingi za nyaraka zilizohamishwa bado zimehifadhiwa humo.

Kuandika jibu

Anza na kichwa cha uzi kama una ruhusa ya kukihariri. "Tovuti imegoma, msaada!" haitafutwi na mtu. "Call to undefined function mysql_connect() baada ya seva kupandishwa PHP" hutafutwa. Ujumbe wa hitilafu uandikwe kama maandishi, herufi kwa herufi, hata kama muulizaji aliuweka kwenye picha, kwa sababu msomaji wako atafika akiwa ameunakili vilevile ulivyo.

Kisha jibu. Usitumie aya nzima kuomba radhi kwa kuchelewa; anayesoma hakukusubiri wewe, ana haraka zake. Sentensi moja inayotaja umri wa swali inatosha, halafu ingia kwenye sababu na suluhisho. Huu ni mfano wa jibu lililokamilika kwa swali hilo la PHP, lugha ya kuandikia programu za tovuti:

"Swali hili ni la 2017, ninalijibu kwa ajili ya yeyote anayefika hapa na hitilafu hiyohiyo. Fankisheni ya mysql_connect() na nyingine zote zinazoanza na mysql_ ziliondolewa kwenye PHP kuanzia toleo la 7.0, lililotoka Desemba 2015. Msimbo ulioandikwa enzi za PHP 5 hufanya kazi hadi siku seva inapopandishwa toleo, kisha husimama ghafla bila wewe kubadilisha kitu. Kabla ya kurekebisha, tengeneza nakala ya akiba ya mafaili na ya hifadhidata. Kisha badilisha mysql_connect() iwe mysqli_connect(), na mysql_query() iwe mysqli_query(). Angalia mpangilio: kwenye mysqli_query() muunganisho hutangulia na agizo la hifadhidata hufuata, kinyume na zamani. Kujua toleo la seva yako, weka faili dogo lenye phpinfo(), lifungue kwenye kivinjari, na ulifute mara moja ukishalisoma. Kama msimbo wako mwenyewe hauna fankisheni hizo, huenda plagini ya zamani ndiyo inayoziita. Tafuta neno mysql_ ndani ya mafaili yote ya tovuti."

Chini yake ongeza toleo ulilojaribia na mwezi uliojaribu. Mstari huo mdogo ndio utakaomsaidia mtu wa miaka mitano ijayo kujua kama maneno yako bado yanafaa.

Ona pia kwamba jibu hilo halimlazimishi msomaji kubofya kiungo chochote ili aelewe. Weka kiungo cha nyaraka rasmi ukipenda, ila kiini cha jibu kiwe ndani ya uzi. Kiungo kikifa, jibu lililokuwa kiungo kitupu hufa nacho.

Jambo jingine ni maswali yenye pengo. Swali la wiki iliyopita likikosa maelezo, mwombe mwenyewe ayalete. La miaka mitatu iliyopita, kumwandikia "unatumia toleo gani?" ni kupandisha uzi juu bila faida, mtu huyo hatarudi, na wasomaji wengine wanapata swali juu ya swali. Badala yake jibu kwa masharti: kama unatumia toleo la zamani fanya hivi, kama ni jipya fanya vile, kama ujumbe unaonekana wakati wa kuwasha sababu huwa hii, kama ni wakati wa kuhifadhi sababu huwa ile. Mara nyingi njia ni mbili au tatu tu, na kuziandika zote hakuchukui muda mrefu kuliko kusubiri jibu lisilokuja.

Marudio

Ukikuta swali limeshajibiwa kwenye uzi mwingine, unganisha kwenda kwenye uzi wenye jibu bora, hata kama ni mpya kuliko huu. Wengi hudhani uzi wa kwanza kuandikwa ndio wenye haki ya kuwa mkuu. Msomaji hajali nani alitangulia.

Usiufute uzi unaorudia. Watu wawili wenye tatizo moja hulieleza kwa maneno tofauti: mmoja anasema "inakwama", mwingine "skrini nyeupe", wa tatu anabandika namba ya hitilafu. Kila uzi hupokea watafutaji wa aina yake na kuwapeleka kwenye jibu lilelile. Ukifuta, umefunga njia moja ya kufikia suluhisho.

Kufunga bila kujibu

Mifumo mingi hutoa njia ya kufunga kwa kiotomatiki. Chombo cha GitHub kinachotumika sana kwa kazi hii, kisiporekebishwa, huweka alama ya "imechakaa" baada ya siku 60 za ukimya na kufunga siku 7 baadaye. Launchpad, tovuti ya kuripotia hitilafu za programu huria, kwenye miradi iliyowasha utaratibu huo, humaliza muda wa ripoti ya hitilafu iliyowekewa alama ya kutokamilika baada ya siku 60 bila mabadiliko.

Tofauti kati ya taratibu hizi mbili ni kubwa kuliko inavyoonekana. Ya Launchpad hugusa ripoti ambazo mtu alizisoma, akaona zina upungufu na kumwomba mwenyewe ajazie. Zamu ni ya aliyeripoti, na ukimya ni wake. Chombo cha kuhesabu siku peke yake hakijui ukimya ni wa nani. Kinaweza kumfungia mtu aliyeandika vizuri, akaleta ujumbe wa hitilafu na hatua zote, kisha asijibiwe na yeyote. Nalipinga jambo hilo kwa moyo wote. Mtu alitimiza wajibu wake. Sisi ndio tulionyamaza. Kumtumia ujumbe kwamba swali lake limefungwa "kwa kukosa mchango" ni kumwambia asirudi tena.

Kwa hiyo kanuni ninayoishikilia ni hii: funga kwa ukimya pale tu ambapo kuna mtu halisi aliyemuuliza muulizaji jambo mahususi, akampa muda uliotajwa, na muda ukapita. Kwingine kote, ukifunga, andika sababu. Sababu yenyewe isiwe maneno ya jumla. "Tunafunga nyuzi za zamani" haimsaidii mtu. Andika mfano huu: "Huduma inayozungumziwa hapa ilisitishwa, na menyu iliyotajwa haipo tena kwenye programu. Ukitafuta namna ya kuhamisha data zako kwenda kwenye huduma iliyochukua nafasi yake, angalia uzi huu." Huko pia ni kujibu.

Matangazo ya biashara na takataka ondoa bila maelezo. Malalamiko yasiyo na swali ndani yake yapeleke panapohusika, au yaache.

Utakayokutana nayo njiani

Nyuzi za zamani zina siri za watu. Waliokuwa na haraka walibandika mafaili mazima ya mipangilio yenye nywila za hifadhidata, anwani za barua pepe, namba za leseni, na anwani za seva zao. Ukiona, mjulishe msimamizi aondoe hata kwenye historia ya marekebisho, kwa kuwa kuhariri uzi tu huacha toleo la awali likionekana kwenye mifumo mingi. Usinukuu sehemu hiyo kwenye jibu lako. Kama kuna njia ya kumfikia mwenyewe kwa faragha, mwambie abadilishe nywila.

Pia utawakuta matapeli. Nyuzi zisizojibiwa huwavutia, kwa sababu wanajua wanaofika hapo wamekata tamaa. Huacha namba ya simu ya "huduma kwa wateja" ya kampuni isiyo yao, au maneno kama "njoo faragha nikusaidie". Ondoa michango hiyo kwanza, hata kabla ya kutafuta jibu. Uzi usio na jibu humpotezea mtu muda. Uzi wenye namba ya tapeli unaweza kumpotezea akaunti ya benki.

Tena, ukishaufufua uzi, watu wapya wataanza kuuliza mambo yao humohumo kwa sababu yanafanana. Waelekeze kwa upole wafungue uzi wao na waweke kiungo cha huu. Kuuliza si ujinga, na anayeuliza mara ya kwanza hajui desturi. Maneno makali hapo yatamfukuza.

Mwendo

Kila jibu kwenye majukwaa mengi hupandisha uzi hadi juu ya ukurasa. Ukijibu hamsini kwa siku moja, utafukia maswali ya leo chini ya maswali ya miaka iliyopita, na kutengeneza kizazi kingine cha maswali yasiyojibiwa. Gawa kazi: machache kila siku, saa ambazo jukwaa limetulia. Kama msimamizi ana uwezo wa kuzuia uzi usipande, mwombe autumie kwa marekebisho madogo kama ya vichwa na lebo.

Mkiwa kikundi, gawaneni kwa somo, na kila mmoja aandike jina lake kwenye lahajedwali kabla ya kuanza swali. Msishindane kwa idadi ya nyuzi zilizofungwa. Ukipima hivyo, watu watafunga tu. Pima ni mangapi yamepata jibu lililojaribiwa, na baada ya miezi kadhaa tazama kama wasomaji wanaandika "imenisaidia".

Sababu ulizozikusanya za ukimya zirudishe mbele. Kama maswali mengi yalikosa toleo la programu, fomu ya kuulizia iwe na sehemu ya toleo. Kama mengi yalizama, awepo mtu wa zamu anayepitia maswali yote ya siku mbili zilizopita, hata kama kazi yake ni kurekebisha kichwa na kumwita mjuzi tu.

Yatakayobaki

Baada ya yote, orodha itabaki na maswali ambayo umeyasoma, umeyajaribu, umewauliza wajuzi, na bado hayana jibu. Yaache wazi, ila usiyaache kama ulivyoyakuta. Andika ndani ya uzi kile ulichofanya: tatizo linatokea kwenye matoleo haya, halitokei kwenye haya, njia hizi mbili zimejaribiwa na hazikufaa, ripoti imepelekwa kwa watengenezaji na kiungo chake ni hiki. Weka lebo inayosema limethibitishwa. Atakayefika hapo baadaye atajua kwamba kosa si la mashine yake peke yake, hatapoteza usiku akirudia majaribio yaleyale, na kama ndiye mwenye ujuzi uliokosekana, ataanzia pale ulipoishia.